Mpira wa Gesi Kwanza, Mswaki Baadaye: Muda wa Kubadilisha Vitu vya Nyumbani

Nenda jikoni sasa hivi, funga gesi kwenye mtungi, kisha ushike ule mpira unaoelekea kwenye meko na uupinde katikati. Ukiona vijistari vya nyufa, au ukihisi umekauka na kukakamaa kama tawi, huo umekwisha, hata kama hujawahi kusikia harufu yoyote. Katika nyumba nyingi za Nairobi mpira huo haujaguswa tangu siku ya kuhamia, ilhali pazia zimebadilishwa mara tatu.

Mwongozo huu umepangwa kwa uzito wa jambo. Tunaanza na vitu vinavyoweza kuua mtu au kuchoma nyumba, tuje kwa vile vinavyoshinda na unyevu, kisha vile vinavyochakaa tu. Pesa zikiwa chache mwezi huu, nunua kwa mpangilio huo huo.

Andika tarehe, usitegemee kichwa

Hakuna mtu anayekumbuka alinunua regyuleta ya gesi lini. Tafuta tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na kalamu ya wino usiofutika. Kitu kipya kikiingia nyumbani, bandika kipande cha tepu uandike mwezi na mwaka: kwenye regyuleta, kwenye mpira wa gesi, kwenye chujio la maji, kwenye ekstensheni. Godoro na neti viandike moja kwa moja kwenye lebo iliyoshonewa pembeni.

Vitu vidogo vya miezi mitatu minne havihitaji tepu. Vifunge na kalenda ya shule: mihula hufunguliwa mara tatu kwa mwaka, na siku unapotoa sare kabatini ndiyo siku ya miswaki mipya kwa nyumba nzima, ya kugeuza godoro, na ya kubonyeza kile kitufe cha stima tutakachokitaja hapa chini. Hata asiye na mtoto wa shule hukumbushwa na foleni ya magari.

Gesi

Mpira wa gesi ubadilishwe kila baada ya miaka 2 hadi 3. Mpira mzuri huwa umechapwa tarehe ya kutengenezwa ubavuni. Hesabu kuanzia hapo, kwa sababu unaweza kuwa ulining'inia dukani mwaka mzima kabla hujaununua. Ukifika miaka 5 utoe hata kama unang'aa. Yanayouzeesha mapema ni joto la meko, mafuta yanayourukia wakati wa kukaanga, kukunjwa pembeni pa kabati, na panya. Mpira uliotafunwa na panya hauzibwi kwa tepu, hata safu kumi.

Regyuleta ipe miaka 5. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha mpira ambacho hupunguza nguvu ya gesi kabla haijafika kwenye meko, na kiwambo hicho huchoka. Utajua kwa moto unaopanda na kushuka wenyewe, kwa mlio wa kupuliza, au kwa regyuleta kucheza mdomoni mwa mtungi hata baada ya kuikaza. Usikubali fundi aifungue "aitengeneze". Nunua nyingine inayolingana na mdomo wa mtungi wako. Ukienda dukani beba ya zamani.

Wenye mtungi wa kilo 6 na kichomeo juu yake hawana mpira mrefu, ila wana ule mpira mdogo wa duara ulio mdomoni mwa mtungi. Huo hukatika kwa kufungua na kufunga. Kila unapobadilisha mtungi, mwambie muuzaji apake povu mdomoni kabla hujaubeba. Muuzaji anayejua kazi yake hufanya hivyo bila kuambiwa, anayekuuliza "kwani huniamini?" mwachie mtungi wake.

Kubadilisha mpira ni kazi ya dakika kumi:

1. Funga mtungi huku meko ikiwaka, uache moto uzimike wenyewe. Hapo gesi iliyobaki ndani ya mpira imeungua.
2. Legeza klipu zote mbili kwa bisibisi. Mpira ukiwa umegandia, upasue kwa kisu kwa urefu. Ukiuvuta kwa nguvu utavunja chuchu ya meko, kile kijibomba kinachovaa mpira, na hiyo ni gharama nyingine.
3. Kata kipande cha mpira wa zamani uende nacho dukani ili upate upana ule ule. Urefu wa mita moja na nusu unatosha jiko la kawaida. Mpira mrefu hujikunja, na usipite nyuma ya oveni.
4. Chovya ncha ya mpira mpya katika maji ya moto kwa sekunde chache ulainike, kisha uusukume uingie kwenye chuchu sentimita 2 hadi 3. Usipake mafuta ya kupikia ili uteleze. Mafuta hula mpira.
5. Vaa klipu mpya, kama sentimita 1 kutoka ncha. Kaza hadi mpira usizunguke ukiushika, uachie hapo. Klipu iliyokazwa kupita kiasi hukata mpira kidogo kidogo, na uvujaji huanza wiki kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau.
6. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji na kikombe cha maji. Fungua mtungi meko ikiwa imezimwa, upake povu kwenye kila kiungo. Kiputo kinachokua ni uvujaji. Funga, kaza, rudia. Kiberiti hakitumiki kutafuta gesi inapovuja.
7. Bandika tepu ya tarehe.

Ukiamka ukute harufu ya gesi, usiwashe taa wala usizime iliyokuwa ikiwaka, kwani swichi hutoa cheche. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, kwa hiyo fungua mlango. Dirisha la juu peke yake halisaidii sana. Funga mtungi na uutoe nje.

Stima

Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, na fyuzi ina sababu. Kwa stima ya volti 240, fyuzi ya ampea 3 inabeba kama wati 700: taa ya mezani, redio, chaja. Ya ampea 13 inabeba kama wati 3,000: birika, pasi, mikrowevu. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kiwango kile kile. Ukifunga karatasi ya fedha ya sigara mahali pake, sasa kitakachoungua ni waya.

Ekstensheni haina umri maalum. Iguse baada ya birika kuchemka. Uvuguvugu kidogo ni sawa. Ikikufanya utoe mkono, itupe. Tupa pia ikiwa plagi inacheza ndani ya shimo, plastiki imegeuka rangi ya kahawia, au kuna harufu kama ya samaki au ya plastiki inayoungua. Na hesabu wati kabla ya kulaumu ekstensheni: birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja tayari zimevuka fyuzi ya ampea 13.

Gadi ya friji na gadi ya televisheni huchoka pia. Kile kinachomeza stima inayoruka kwa ghafla hupungua nguvu kila inapopiga, hadi siku moja kinabaki ni ekstensheni ya bei ghali. Nyingi zina taa ndogo inayoonyesha kwamba ulinzi bado upo. Taa hiyo ikizimika huku friji inaendelea kufanya kazi, badilisha gadi. Mtaa wenye stima ya kukatika na kurudi mara kwa mara humaliza gadi upesi kuliko mtaa uliotulia.

Kwenye kabati la stima, lile lenye swichi kuu, angalia kama kuna swichi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hiyo ndiyo inayokata stima ikianza kupitia mwilini mwa mtu. Bonyeza kitufe mara moja kila muhula: ikianguka, iko hai, irudishe juu. Isipoanguka, ita fundi wa stima aliye na leseni siku hiyo hiyo. Kama hakuna swichi ya namna hiyo kabisa na bafuni mna shawa ya stima, mazungumzo na mwenye nyumba yaanzie hapo.

Tukiwa bafuni: elementi ya shawa ya stima huungua zaidi kwa maji machache kuliko kwa uzee. Tangi likikaribia kuisha, maji hutiririka kidogo, elementi inapata moto bila kupozwa, inakatika. Kama ploti yenu inatumia kisima, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo elementi yake imefunikwa. Ile ya kawaida haitadumu, na maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko unavyotaka ukiwa chini yake. Shawa ya wati 5,500 huvuta zaidi ya ampea 20, kwa hiyo lazima iwe na waya wake pekee kutoka kwenye kabati. Ukiona waya umegeuka rangi au swichi yake imeyeyuka kidogo, usinunue shawa mpya. Tatizo liko ukutani.

Jiko la makaa

Jiko lenye udongo ndani hufa kwa udongo kupasuka. Ufa mwembamba kama unywele si neno. Ufa unaopitisha mwanga, au kipande kilichobanduka, hufanya bati la nje lipate moto na makaa yaishe upesi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji huuza udongo peke yake na kuupachika upya, kwa hiyo bati likiwa zima huna haja ya jiko jipya. Baada ya kuupachika, acha saruji ikauke siku kadhaa, na mara ya kwanza uwashe moto mdogo.

Julai, baridi ikikaza, watu huingiza jiko chumbani "lipashe tu kidogo". Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko jipya huua sawa na la zamani.

Sponji, vitambaa na vitu vya unyevu

Sponji ya kuoshea vyombo ndiyo pengine kitu kichafu kuliko vyote nyumbani, choo kikiwemo. Ina unyevu, ina mabaki ya chakula, ina vishimo vya kujificha. Ibadilishe kila wiki moja hadi mbili. Kuichemsha dakika tano hupunguza vijidudu ila haiirudishi upya, na sponji inayonuka haichemshwi, inatupwa.

Njia rahisi ya kutochanganya ni kukata kona kwa mkasi. Sponji yenye kona zote nne ni ya vyombo. Baada ya wiki hizo mbili kata kona moja: imeshushwa cheo, sasa ni ya meko na sinki. Baada ya wiki nyingine kata ya pili: ni ya viatu na sakafu ya bafu. Kutoka hapo ni pipa. Mtu yeyote akiingia jikoni, hata msaidizi mpya siku yake ya kwanza, anajua ipi ni ipi bila kuuliza. Usiilaze kwenye kisahani cha sabuni. Ikamue uisimamishe ipate hewa.

Vitambaa vya jikoni badilisha kila siku, na papo hapo kikifuta maji ya kuku au nyama. Kuwa navyo saba vya bei rahisi ni bora kuliko viwili vizuri.

Ubao wa kukatia ubadilishe wakati michubuko ya kisu imekuwa mirefu kiasi kwamba brashi haifiki chini. Ubao wa mti unaweza kupigwa msasa na fundi seremala ukarudi mpya. Wa plastiki haupigwi msasa. Weka mmoja wa nyama na mwingine wa kachumbari, kwani kachumbari haipitii motoni. Mwiko uliopasuka katikati huhifadhi ugali wa juzi ndani ya ufa. Toa.

Taulo ya kuogea ifuliwe baada ya kutumiwa mara tatu au nne, na kila mtu awe na yake. Tatizo la Nairobi ni miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo taulo iliyoanikwa kwenye korido ya ghorofa ya pili inaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Miezi hiyo tumia taulo nyembamba; ile nene ya hoteli iache kabatini. Dawa ya kulainisha nguo huifanya taulo inukie vizuri na kuacha kunyonya maji. Taulo inayoendelea kunuka dakika chache baada ya kulowa, hata baada ya kufuliwa kwa maji ya moto, imefikia mwisho: ikate vitambaa vya kupangusia.

Dodoki la kuogea la asili lidumu wiki 3 hadi 4, la nyavu za plastiki miezi 2, na usiliache likining'inia ndani ya bafu lisilo na dirisha.

Maji

Kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu mitaa mingi, kila nyumba ina jerikeni na tangi, na hivyo ndivyo vinavyochafua maji yaliyotoka safi. Jerikeni ya njano iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia inafaa. Iliyowahi kubeba rangi, dawa ya mimea au sabuni ya kiwandani haifai maji ya kunywa hata uioshe mwaka mzima, maana plastiki hunyonya. Ibadilishe ikipata ufa, ikiwa na ukijani usiotoka, au mfuniko ukipotea na badala yake kukawa na gunzi au kipande cha nailoni.

Kuosha: mwaga lita 5 za maji ndani ya jerikeni, ongeza kijiko kimoja kikubwa (mililita 15) cha jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato wala rangi. Funga, tikisa, ilaze kila upande, iache nusu saa. Suuza mara mbili. Fanya hivi kila wiki mbili. Jiki yenyewe huzeeka: klorini hupungua kwa joto na mwanga, kwa hiyo chupa iliyokaa dirishani tangu mwaka jana ni maji yenye harufu tu. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kutibu maji ya kunywa. Tazama tarehe kwenye kibandiko. Na jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi inayochoma mapafu.

Tangi lisafishwe kila miezi 6. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, ya kwanza huja na rangi ya chai. Yaache yatoke kwa dakika chache ukiyakinga kwa ajili ya choo, kisha ndipo ujaze tangi.

Mshumaa wa udongo ulio ndani ya chujio hupigwa brashi laini chini ya maji safi kila unapoanza kudondosha polepole. Usitumie sabuni. Kila upigaji brashi huupunguza, na baada ya miezi 6 hadi 12 huwa mwembamba. Ukiwa na ufa, hata mdogo, hauchuji tena. Wanaotumia visima wajue jambo moja: maji ya visima vingi vya Nairobi na viunga vyake yana floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mshumaa hauiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Kwa watoto wadogo pika na maji ya mfereji au ya mvua.

Sufuria na vikaango

Kikaango kisichogandisha hubadilishwa kikianza kumenyuka. Kipande ukikimeza hupita tu. Jambo la kuogopa zaidi ni kukiacha kitupu juu ya moto mkali, kwa sababu kikipita nyuzi 260 utando huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Tumia mwiko wa mti, usisugue kwa waya, na kitakaa miaka 3 hadi 5. Sufuria ya alumini hudumu miaka mingi. Iliyotoboka na kuzibwa kwa risasi ya fundi isipikiwe tena chakula. Iwe ya kuchemshia maji ya kuoga.

Kitanda

Godoro zito hukaa miaka 7 hadi 10, lile jepesi la bei ya chini miaka 3 hadi 5. Liweke chini palipo sawa, utandaze ufito ulionyooka juu yake kutoka upande hadi upande, upime pengo pale mnapolala. Likizidi sentimita 4, mgongo wako unalijua tayari. Ligeuze kichwa kwa miguu kila muhula. Godoro la mtumba au la kuokotwa usiliingize ndani: kunguni hukaa kwenye mishono, na kulianika juani hakuwamalizi.

Mto ukunje katikati uachilie. Usipojikunjua, umekufa, na mito mingi ya pamba za plastiki hufika hapo kati ya mwaka 1 na 2. Shuka zifuliwe kila wiki. Wiki maji yakikosekana, badilisha angalau foronya, hasa kwa anayepaka mafuta ya nywele, ndipo chunusi za mashavuni zinapoanzia mara nyingi.

Neti ya dawa hudumu kama miaka 3 au mafuo 20. Nairobi malaria si nyingi, ndiyo maana neti hukaa kabatini hadi safari ya Busia au Homa Bay ya Desemba, na hapo watu hutoa neti ya miaka sita wakaitegemea. Itazame dhidi ya mwanga siku mbili kabla ya safari. Ifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila jiki, ikaushwe kivulini, kwani jua huua dawa.

Mwilini

Mswaki: miezi 3 hadi 4, au mapema manyoya yakianza kulala. Wa mtoto anayetafuna hudumu nusu ya hapo. Chagua laini, mgumu hausafishi zaidi, unakula ufizi. Wanaotumia mswaki wa mti wakate ncha iliyochakaa kila siku moja au mbili watafune upya.

Wembe wa kunyolea: mara 5 hadi 7. Ukianza kuvuta nywele badala ya kukata, ndipo vipele vya kidevuni huja.

Pedi hubadilishwa kila saa 4 hadi 6, isipite 8, hata siku damu ni chache. Tamponi kadhalika isipite saa 8, kwani kuizidisha kunaweza kuleta sumu ya bakteria kwenye damu, ugonjwa wa hatari. Kikombe cha hedhi humwagwa ndani ya saa 12, huchemshwa dakika 5 baada ya hedhi kwisha, na hubadilishwa kikianza kunata au kuchanika. Pedi za kufua zianikwe juani waziwazi. Kuzificha chini ya nguo nyingine kwa aibu huziacha na unyevu, na unyevu ndio huleta muwasho.

Nywele za kusukwa zifumuliwe kabla ya wiki 8. Zaidi ya hapo nywele zilizoanguka zenyewe hujifunga mizizini, na siku ya kufumua zinang'oka pamoja na nzima.

Vipodozi vingi vina picha ya kikopo kilichofunguliwa yenye namba kama 6M au 12M: hiyo ni miezi tangu siku ulipokifungua. Maskara haisubiri picha, ni miezi 3 tu. Dawa ya macho ya matone kwa kawaida hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa. Dawa ya mtoto ya antibayotiki inayokorogwa na maji huisha nguvu kwa siku 7 hadi 14 kutegemea aina yake. Mabaki ya Machi hayamtibu mtoto Agosti, na dozi kwa kweli haikupaswa kubaki.

Viatu vya mtumba vina mtego. Kiatu cha soko la Gikomba au Toi kinachoonekana kipya kabisa kinaweza kuwa kilikaa miaka kumi ghalani, na soli za poliyurethani huozeshwa na unyevu wa hewa hata bila kuvaliwa. Kipinde kwa nguvu katikati, ubonyeze soli kwa kucha. Ikimeguka kama keki, au ikinata, kirudishe. Utakivaa siku mbili kiachie soli Moi Avenue. Helmeti ya pikipiki ya mtumba usinunue: povu lililoko ndani hufanya kazi mara moja tu, na hujui kama mara hiyo imeshapita. Yako mwenyewe ipe miaka 5, au siku ile ile ikianguka kwenye ajali.

Unapotupa

Nyembe zitie kwenye chupa ya plastiki ngumu uifunge, kwa sababu kuna mtu atakayepekua mfuko huo kwa mikono mitupu. Betri ya simu au pawabenki iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Iweke nje ya nyumba mbali na vitu vinavyowaka, kisha uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki. Isiingie kwenye taka za ploti ambazo huchomwa. Balbu ndefu za zamani zina zebaki, zisivunjwe. Dawa zilizopita muda uliza duka la dawa kama litazipokea. Lisipopokea, zichanganye na majivu au udongo ndani ya mfuko uliofungwa, usizimwage chooni.

Na ule mpira wa gesi ulioutoa, ukate vipande vya urefu wa shibiri kabla ya kuutupa. Ukiutupa mzima, mtu atauosha, na baada ya wiki utakuwa umefungwa kwenye meko ya nyumba nyingine.